Sukari ya mama: tuendelee kwenda Tanga mjini, au kituo cha afya kinatosha?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 64 na huu ni mwaka wa nne tangu aambiwe ana kisukari. Tunaishi nje kidogo ya Korogwe. Siku zote tulikuwa tunampeleka hospitali kubwa Tanga mjini, tunaondoka na basi la alfajiri na kurudi jioni. Sasa tumeambiwa ahamie kliniki ya kituo cha afya cha hapa karibu. Naogopa, kwa sababu pale hakuna daktari bingwa.

Halafu wiki mbili zilizopita, kabla ya adhana ya alfajiri, tulimkuta kalowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani akamtilia soda mdomoni, baada ya muda akazinduka. Tangu siku hiyo ameacha vidonge vyote, metformini na glibenklamidi. Anasema vilitaka kumuua. Anakunywa majani ya kuchemsha tu. Nifanye nini?
Binti wa Korogwe

JIBU: Marahaba mwanangu. Kituo kitasubiri kidogo, nianze na hiyo alfajiri, maana niliisoma barua yako mara mbili kwa ajili yake.

Jasho, kutetemeka, kuongea ovyo, kisha kuzinduka baada ya kitu kitamu: hiyo inafanana sana na sukari kushuka, yaani kuwa chini ya 4 (mmol/L) kwenye mashine ya kupimia sukari. Mama hakukosea kushuku vidonge, ila amevitupa vyote kwa kosa la kimoja. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama tumbo ni tupu, na kwa mtu mzima, hasa figo zikiwa zimechoka, hukaa mwilini muda mrefu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeandika kwamba haiwafai waliovuka miaka 60. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kuishusha sukari namna hiyo. Inachosumbua ni tumbo, na ndiyo maana tunasisitiza inywewe pamoja na chakula.

Kwa hiyo usisubiri siku ya kliniki. Mpeleke kituoni kesho asubuhi. Mweleze tabibu usiku ule alikula nini na saa ngapi, na alimeza vidonge vingapi. Mwombe apime figo, na uulize kama glibenklamidi inaweza kubadilishwa, pengine kwa gliklazidi, ambayo ni salama zaidi kwa umri wake. Majani nayo myataje, msiyafiche. Sigombani na mama kwa kuyanywa, nagombana na kuyaweka mahali pa dawa. Akikaa hivyo bila vidonge, sukari inapanda kimyakimya, na kupanda hakutoi jasho la kuwaamsha.

Jirani yenu alikuwa na nia njema, mshukuru. Lakini asiyeweza kumeza hatiliwi kitu mdomoni, kinaweza kuingia kwenye mapafu. Kama hajitambui, mlazeni ubavu na mkimbilie kituoni. Kama anameza vizuri, koroga vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, anywe, msubiri dakika 15, mpime tena. Akipata nafuu, ale chakula.

Sasa kituo. Nimekaa kliniki ya sukari ya kituo cha afya miaka 14, na nakwambia kwa moyo wote: mhamishe. Kisukari kinahitaji mtu anayemwona mama mara kwa mara na anayejua kwamba mwezi uliopita alikuwa na kilo ngapi.

Kuna mzee mmoja alikuja kwetu baada ya kukosa nauli ya mjini miezi kadhaa. Nikamwomba avue kandambili. Ile ya kulia haikutoka. Nikaishika, nikaona kichwa cha msumari chini ya soli: umepenya, umeingia kisiginoni, damu imeshakauka. Alikuwa ametembea nao tangu asubuhi, hakusikia chochote, maana kisukari kilishamtia ganzi miguuni. Nilipoung'oa alikuwa ananisimulia habari za mahindi yake. Kidonda kile tulikisafisha kila baada ya siku mbili mpaka kikafunga, na aliweza kuja kwa sababu anakaa jirani. Ingekuwa ni basi la alfajiri, asingekuja.

Ndiyo maana kila mkifika, hata foleni ikiwa ndefu, mama avue viatu miguu iangaliwe mpaka katikati ya vidole. Apimwe presha. Sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa kawaida tunaitaka kati ya 4 na 7, lakini kwa aliyewahi kushukiwa na sukari, mimi nafurahi nikiona 8 kuliko kumbana mpaka 5. Kumbana hivyo ndiko kunakotuletea alfajiri kama ile yenu. Mjini mtakwenda bado, kwa rufaa: macho mara moja kwa mwaka, na kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, kama maabara ya hapo haikifanyi. Kidonda kisichopona, macho kufifia ghafla, au sukari iko juu huku anatapika, hapo msibaki kituoni, ombeni rufaa siku hiyohiyo.

Chakula nitakiandikia siku nyingine, ila hili moja lisisubiri. Wengi huku kwetu wanaacha sukari kwenye chai, kisha wanakula bada, yaani ugali wa muhogo, sahani nzima kwa kuwa muhogo si mtamu. Muhogo ni wanga, unageuka sukari tumboni. Apunguze tonge, aongeze mchicha na maharage, na asilale njaa.

Kesho mkitoka, chukueni daftari la kliniki ya mjini pamoja na paketi za vidonge, hata kama zimebaki tupu. Tabibu akiona jina na miligramu zilizoandikwa pale, hatabahatisha. Na mkirudi, niandikie mashine ilisoma ngapi.