Siri ya Mwenzangu Niliyoitaja Katika Maombi

SWALI: Shikamoo mama. Katika jumuiya yetu hapa Ngamiani, Tanga, niliomba tumwombee jirani yangu kwa jina, nikataja matatizo ya ndoa yake aliyonieleza kwa siri. Sasa haitikii hodi yangu. Je, nimekosa, ilhali sikusema uongo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekosa, nami nakuambia kwa upendo. Mithali 11:13 inamsifu mwenye roho ya uaminifu kwa kuwa husitiri jambo, na siri ile haikuwa yako hata uipeleke kwenye maombi. Ungalisema tu, “Tumwombee ndugu yetu mmoja aliye katika majaribu,” Mungu angalimjua.

Yakobo, katika sura ya 3, anaufananisha ulimi na usukani mdogo unaogeuza merikebu kubwa. Nawe unayeishi karibu na bahari bila shaka umemwona nahodha wa jahazi akiingia bandarini, mkono haubanduki usukanini hata anapozungumza na mabaharia wake.

Mathayo 5:23–24 inatutaka tupatane kwanza na ndugu, ndipo tutoe sadaka. Kwa hiyo, kabla ya Jumapili, nenda kwake mwenyewe, wala usitume ujumbe wa simu. Mwambie, “Nilikosea kuitoa siri yako, nisamehe,” usiongeze “lakini nia yangu ilikuwa njema,” maana hapo utakuwa unajitetea. Asipokufungulia, rudi siku nyingine. Na waliosikia jumuiyani, waombe mmoja mmoja wasilipeleke mbele.