Usichome Botox ya mlio wa sikio kabla hujapimwa usikivu

Dada, ahirisha hiyo miadi ya Jumatano. Nimesoma ulichoandika mara mbili na bado roho inanidunda. Umeuliza kama sindano za Botox, ile dawa ya kulegeza misuli, kuzunguka sikio zinaondoa mlio, bei ya haki ni ngapi, zinauma kiasi gani, na kama zinamfaa mama anayenyonyesha. Halafu katikati, kama vile si kitu, umesema mlio ulianza Ijumaa ya wiki iliyopita ulipoamka, sikio la kulia tu, limejaa kama lina maji, na tangu siku hiyo simu unaisikilizia kushoto. Wote waliokujibu wamepita hapo bila kusimama, mmoja anakupa namba ya kliniki, mwingine anakupa kitunguu saumu.

Simama hapo kwenye simu. Sikio lisilosikia simu limepoteza usikivu, na huenda huo mlio umekuja kwa sababu hiyo. Mimi nilipitia hadithi hiyo hiyo miaka mitatu iliyopita, na sikio langu la kushoto halikurudi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, hapa Dar. Jumanne moja niliamka sikio linapiga wiiii, kama friji chakavu usiku umeme ukirudi. Nikadhani ni maji ya kuoga. Nikatia mafuta ya nazi ya uvuguvugu, nikaziba pua na kupuliza, nikatafuna bablishi kutwa nzima. Darasani wanafunzi wa safu ya kushoto walikuwa wanasogeza midomo tu. Siku ya nne mtu akanielekeza kwenye kliniki ya urembo, kwamba kuna mtaalamu anachoma Botox na mlio unakata.

Yule bwana hakuchungulia ndani ya sikio langu. Hakunisemesha kwa kunong'ona, hakunipima na chochote, hakuuliza hata kama nasikia. Alinionyesha kwenye simu yake utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 na kuniambia watu saba walipata nafuu, nilale hapo. Nikalala. Akachoma sehemu tatu: juu ya sikio na nyuma yake. Akasema dawa inahitaji wiki mbili kukolea, nisiwe na haraka.

Hizo wiki mbili ndizo zilizoniua sikio, dada. Nilikuwa nahesabu siku kwa furaha nikisubiri mlio ukate, kumbe zilikuwa zinaondoka. Wiki mbili zikaisha, hakuna kitu. Nikarudi, akasema dozi ilikuwa ndogo, akaongeza, akaniambia nisubiri tena. Laki tisa mara mbili. Wiki ya sita mke wangu alichoka kurudia maneno mezani, akanishika mkono mpaka kwa daktari wa masikio, pua na koo. Nikaingizwa kwenye kile chumba kidogo kisichopitisha sauti, nikavalishwa vifaa vya masikioni, nikapewa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia. Upande wa kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Upande wa kushoto nikakaa kimya, kimya, nikadhani mashine imezimwa. Nikageuka kumwangalia yule dada wa vipimo nyuma ya kioo. Alikuwa anaendelea kuzungusha kitasa na hanitazami usoni.

Daktari aliniuliza swali moja: "Lilianza lini?" Nilipomjibu aliweka kalamu chini.

Kupoteza usikivu ghafla, yaani usikivu kushuka kwa desibeli 30 (kipimo cha ukubwa wa sauti) au zaidi ndani ya siku tatu, ni jambo la dharura. Tiba inayojaribiwa ni steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe mwilini, kwa vidonge au sindano inayopita kwenye ngoma ya sikio, na inatakiwa kuanza mapema, ndani ya wiki mbili za mwanzo. Ikichelewa bado kuna ile sindano ya kwenye ngoma, wanaijaribu mpaka kama wiki ya sita. Mimi nilichomwa hiyo mwishoni kabisa, nikaambulia kusikia honi na mlango ukibamizwa. Maneno ya watu, hapana. Sitakudanganya kwamba steroidi ni uchawi: wapo wanaopona bila dawa, na wapo wanaomeza mapema na hawaponi. Ila mimi sikupewa hata hiyo nafasi ya kujaribu mapema, na vidonge vyenyewe ni vya bei ya kawaida duka la dawa. Nililipa milioni moja na laki nane kununua ucheleweshaji.

Na ule utafiti nimekuja kuutafuta mwenyewe. Waliingia watu 30, wakamaliza 26. Kila mmoja alichomwa mara mbili kwa nyakati tofauti, mara moja dawa, mara moja maji yasiyo na dawa. Kwa dawa, 7 walipata nafuu, 3 wakazidiwa, 16 hawakuona tofauti. Kwa maji, 2 nafuu, 7 wakazidiwa, 17 vile vile. Waandishi wenyewe walitaka utafiti mkubwa zaidi. Yule bwana alinisomea saba, akafunika 16 kwa kidole gumba. Hilo sijamsamehe, na sioni sababu ya kumsamehe. Nisingekuwa na shida naye kama angesema "sijui masikio, nenda kapimwe kwanza". Maneno matano.

Sasa nieleze kwa nini Botox haikuwa na la kufanya kwenye sikio langu. Ni sumu ya bakteria, *Clostridium botulinum*, na kazi yake ni kuzuia neva isiuamuru msuli ukaze. Ndiyo maana Marekani mwaka 1989 waliiruhusu kwanza kwa makengeza na kope zinazojifunga zenyewe. Palipo na msuli unaokaza hovyo, inalegeza. Sikio langu lilikuwa limeharibika ndani kabisa, kule sauti inakogeuzwa kuwa ishara ya neva. Hakuna msuli pale. Ungeweza kunichoma ndoo nzima.

Upo mlio ambao Botox inausaidia kweli, na nimeusikia kwa sikio langu zima. Kwenye benchi la kusubiri daktari nilikaa na kijana mmoja, akaniambia, "Mwalimu, inamisha kichwa hapa." Nikainama. Tak, tak, tak, tak, kama saa ya ukutani iliyowekwa ndani ya kichwa chake. Akafungua mdomo akamulika tochi ya simu: kaakaa laini, ile nyama ya nyuma karibu na kilimi, ilikuwa inarukaruka sambamba na mlio. Misuli hiyo ikikaza inavuta mrija unaounganisha sikio na koo, na unapofunguka ndipo unasikia tak. Yeye alichomwa Botox kwenye kaakaa, na daktari wa masikio, baada ya vipimo vyote. Tulipokutana tena mlio ulikuwa umekata. Siku za mwanzo maji yalikuwa yanamtokea puani na sauti ikawa inapitia puani, na alijua kwamba baada ya miezi mitatu minne hivi dawa itaisha nguvu na atarudi kuchomwa. Lakini alipata alichokilipia.

Wako si huo. Umesema wiii, na umesema mumeo hausikii.

Leo usiku fanya hivi. Sugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. Halafu funga mdomo uvume "mmmm" taratibu, usikilize uvumi unaelekea upande gani. Ukielekea sikio bovu, huenda ni nta au maji yameziba njia. Ukielekea sikio zima, hiyo ni dalili kwamba tatizo liko kwenye neva au sikio la ndani, na hapo hata kulala sitaki ulale sana. Haichukui nafasi ya kipimo, ila itakupa nguvu ya kumbishia mtu wa mapokezi akikwambia uje wiki ijayo.

Na kipimo chenyewe ni kile cha chumba kisichopitisha sauti. Hiyo ndiyo kanuni yangu, nimeshawaambia walimu wenzangu mpaka wamenichoka: sindano yoyote, matone yoyote, kitunguu chochote, baada ya kipimo cha usikivu. Hospitali ya Muhimbili wana idara ya masikio, pua na koo, hospitali ya KCMC Moshi wanayo, Bugando Mwanza wanayo. Usiseme "nina mlio", watakupanga foleni ya kawaida. Sema: "Nimepoteza usikivu wa sikio moja ghafla, leo ni siku ya kumi na moja." Taja siku. Waambie unanyonyesha, na kama una sukari waambie, kwa sababu steroidi zinaipandisha. Wakishakupima wanaweza kukutaka upige MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, kuangalia neva ya sikio, maana linapougua sikio moja peke yake lazima waondoe shaka ya uvimbe. Usiogope, ni kawaida.

Mimi sasa nikivuka barabara nasikia honi ya bodaboda lakini sijui inatoka upande gani. Nasimama katikati nageuza kichwa kama kuku. Mwanangu wa darasa la tatu ndiye anayenishika mkono kunivusha.

Leo Jumapili ni siku yako ya kumi. Jumatano itakuwa ya kumi na tatu, na ukichomwa ukaambiwa subiri wiki mbili, umefika ya ishirini na saba. Kesho saa moja asubuhi uwe umeshika foleni, mtoto mwachie bibi yake. Ukitoka kwenye kile chumba, hata kama ni nta tu na wamekusafisha, rudi hapa uniambie.