Sindano na Uzi: Kapu lililo chini ya kitanda

*Maswali ya wasomaji kuhusu kushona, kufuma, kudarizi na kusuka nyumbani. Yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa sayansi kimu, Tanga.*

Shikamoo Mwalimu. Chini ya kitanda changu kuna kapu. Ndani yake mna sweta la mwanangu wa kwanza ambalo halijatiwa mikono, kitambaa cha meza nilichodarizi kona moja tu, na kofia ya viua niliyoianza kwa ajili ya Baba watoto, avae Idi ya mwaka juzi. Nikiliona hilo kapu moyo unanisuta. Kushona nakupenda tangu shuleni, lakini siku hizi nashika sindano kama mtu anayelipa deni. Nifanye nini? – Mama wa watoto watatu, Mbagala

Marahaba mwanangu. Subiri mchana wenye mwanga, watoto wakiwa shule, ulivute hilo kapu na kulimwaga lote mkekani. Kila kilichomo kikatiwe shauri lake siku hiyohiyo.

Sweta lifumue. Mtoto uliyempima wakati ule ameshakua, hilo sweta halina tena mtu wa kulivaa. Uzi wake lakini ni mzima. Uzungushie mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi wa pamba usije ukajitatiza, uloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha utundike kivulini na kitu kizito kidogo kikining'inia chini. Ukikauka, ile mikunjo ya kufumuliwa itakuwa imenyooka. Unatosha kofia na soksi za kichanga, na Mbagala hapakosi aliyejifungua.

Kitambaa cha meza kikate. Ile kona iliyodariziwa, ikikatwa mraba wa shibiri moja na nusu na kukungwa pindo, ni kifuniko cha jagi. Shonea shanga pembezoni zikivute chini, upepo usikipeperushe na nzi wasiingie. Nimeona wanawake wakibeba kitambaa cha watu wanane miaka na miaka kwa kuona haya kukikata, na jagi la maji liko wazi mezani kila siku.

Kofia ibaki. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Kofia ya viua ya mkono ni kazi ya miezi, hata kwa mwanamke wa Unguja aliyeanza kuishona akiwa msichana. Ni vipande viwili, mviringo wa juu na ukanda wa pembeni, kila kimoja tabaka mbili za kitambaa cheupe. Mchoro hutangulia, halafu vitundu vidogo, kimoja kimoja, kila kimoja kikizungushiwa uzi mpaka ukingo wake ujae. Ukiihesabu kofia kwa siku zilizobaki hadi Idi, hutaipenda. Ihesabu kwa ua moja. Ukimaliza ua moja umemaliza kitu, unaweza kukiangalia na kukipapasa kwa kidole. Ndiyo maana wanawake wa pwani hutoka na kofia zao uani au barazani baada ya alasiri: kazi yenyewe inaingia mfukoni, haitaki meza wala cherehani, na mazungumzo hayaivurugi. Ninakuomba ufanye vivyo hivyo. Itoe chini ya kitanda, iweke kwenye kikopo au kimfuko pamoja na sindano yake, uzi wake na subana, ikae pale unapokaa wewe jioni. Iache ungali na hamu ya kuendelea, kesho utairudia mwenyewe bila kujilazimisha.

Sasa mambo ya mkono, maana raha nyingi hupotea kwa sababu ya vifaa. Sindano za mkono, kadiri namba inavyopanda ndivyo zinavyokuwa nyembamba. Kwa kofia tumia namba 9 au 10, si ile ya kushonea vifungo. Kata uzi urefu wa mkono mmoja, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mrefu zaidi ya hapo hujifunga mafundo na huchakaa kwa kupitapita tunduni. Upitishe kwenye kipande cha nta ya nyuki kabla ya kuanza. Chora kwa penseli iliyochongwa vizuri. Kalamu ya wino isiguse kitambaa hata kidogo, wino wake ukilowa husambaa. Na kitundu usikikate kwa mkasi. Kitoboe kwa sindano nene, ukisukuma nyuzi za kitambaa zikae pembeni, kwa sababu nyuzi zilizosogezwa hubaki nzima na ndizo zitakazoushika mshono wako miaka ijayo. Vitundu vya mkasi huanza kunyanyuka nyuzi baada ya kufuliwa mara chache.

Baba watoto mwambie kweli: kofia inakuja, siku haina ahadi.

Mwalimu, mimi ni kijana wa kiume, kazi yangu ni kutengeneza pikipiki. Jioni nikishafunga karakana nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia. Mamangu ndiye alinifunza. Nina maswali mawili. Kitambaa changu cha mviringo kikifika saizi ya sahani kinaanza mawimbi, hakilali. La pili, vijana wenzangu hunicheka. – Nakuru

Kitambaa kwanza. Mviringo ukifanya mawimbi umeongeza mishono mingi mno. Ukijikunja kuwa bakuli umeongeza michache. Ukifuma kwa mishono mirefu, ile ya kuzungusha uzi mara moja kwenye kroshia kabla ya kuingia, anza na 12 katikati, halafu ongeza 12 kila mzunguko: 24, 36, 48. Kwa mishono mifupi anza na 6 na uongeze 6. Nafasi za kuongezea zisipangane moja juu ya nyingine kila mzunguko, la sivyo mviringo utaota pembe. Hesabu kila unapofunga mzunguko na weka alama kwa kipande cha uzi wa rangi nyingine. Kisha laza kitambaa mezani. Wimbi likiwa dogo fuma mzunguko mmoja bila kuongeza chochote. Likiwa kubwa, fumua mpaka pale kilipolala sawa mara ya mwisho.

Jambo jingine, maana vijana mnatafuta michoro kwenye simu: maelezo ya Kimarekani na ya Kiingereza cha Uingereza hutumia majina yaleyale kwa mishono tofauti. Mtu akifuata ya upande mmoja kwa mazoea ya upande wa pili, kitambaa kitatoka kigumu au kilegevu na hataelewa kwa nini. Jifunze kusoma michoro ya alama, ile ya vijiduara na vijimsalaba. Haina lugha.

Ama wanaokucheka, nenda Lamu au Pangani, utazame wavuvi wanavyofuma na kuziba nyavu zao kwa mkono, wanaume watupu. Matanga ya majahazi yameshonwa na mabaharia. Kwenye baraza za mitaa yetu mafundi cherehani wengi ni wanaume, na hakuna anayewauliza kitu. Wewe mwanangu una mikono inayojua nati na inayojua uzi, na mama aliyekaa kukufunza. Endelea.

Asalaam aleikum. Bibi yangu alizaliwa Unguja, akahamia huku kabla sijazaliwa. Ameniachia kofia tatu alizozishona kwa mkono wake. Zimeanza kuwa za manjano na naogopa kuzigusa. – Mjukuu, Muscat

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amrehemu bibi yako. Kumma zinazovaliwa Oman na kofia zetu za viua ni ndugu wa damu, kwa hiyo hapo ulipo wapo wanawake wengi wanaoijua hii kazi. Usiwe mpweke nayo.

Dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini usitie, hata tone. Hula pamba, na uzi wa kofia ya zamani ukikatika sehemu moja ua zima linafuatia. Loweka kofia moja moja kwenye maji baridi yenye sabuni laini kidogo, uyabadilishe maji yakichafuka, hata kama ni kutwa nzima. Usiisugue wala kuikamua. Suuza sana, maana sabuni iliyobaki nayo huleta manjano. Kisha ivike kwenye faroma ikaukie kivulini. Kama huna faroma, bakuli lenye ukubwa wa kichwa lililofunikwa kitambaa cheupe linafaa. Manjano mengine hayatatoka yote, nayo yaache.

Kofia ya kuvaa hutiwa wanga isimame. Ya kuhifadhi isitiwe, kwa kuwa wanga huita wadudu. Ifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa rangi, si mfuko wa plastiki, na isilale moja kwa moja kwenye ubao wa sanduku, kwa sababu mbao hutoa asidi inayogeuza pamba rangi. Karafuu ukipenda harufu yake ziweke mbali na kitambaa. Mafuta yake huacha madoa.

Halafu chukua karatasi ya miraba, kaa na kofia iliyo nzima kuliko zote, nakili mchoro wake ua kwa ua. Piga picha nje na ndani, hasa ndani, ndiko kunakoonekana bibi alianzia wapi na alifungia wapi uzi. Kazi hiyo ifanye mwenyewe, usimpe mtu. Utakapofika katikati ya mchoro utakuwa umekaa na bibi yako kuliko ulivyowahi kukaa naye.

Mwalimu, nimekuwa mtu mzima, sindano sioni tena tundu lake. Binti yangu ananiandikia haya. Nilizoea kudarizi, sasa mikono imekaa bure na siku ni ndefu. – Bibi, Pangani

Shikamoo Bibi. Kwanza macho yakaangaliwe hospitali. Mtoto wa jicho hutibika, usijikatie tamaa kwa kitu chenye dawa. Kisha, ukidarizi kitambaa cheupe, tandika khanga ya rangi nzito magotini, na cheusi kwa kinyume chake, vitundu vitaonekana. Kaa mwanga ukitokea upande wa kushoto kama unashonea mkono wa kulia. Mjukuu akutungie sindano kumi asubuhi kabla ya kwenda shule na azichomeke kwenye kimto.

Lakini Bibi, mimi ningekurudisha kwenye ukili, ule utepe wa ukindu unaosukwa kwa mkono. Pangani ukindu haujaisha. Ukili ukishaanza, vidole ndivyo vinavyoona. Chane zilowekwe kidogo zilainike, nyingine zichemshwe na rangi, na unaweza kusuka ukiwa unazungumza na mgeni, au gizani umeme ukikatika. Pima kwa pima unauona ukiongezeka miguuni. Kushonanisha ukili kuwa mkeka au kawa la kufunikia chakula ndiko kunakotaka macho, na hapo ndipo binti yako aingie. Yeye ashone, wewe usuke. Hiyo ni kazi ya watu wawili tangu zamani, na ninavyomsoma huyu binti, anatafuta sababu ya kukaa nawe.

Mwalimu, nadarizi foronya, maua na maneno kama "Lala salama". Nilianza kwa kupenda tu. Sasa kila anayeingia nyumbani anataka kununua, rafiki yangu ananiambia nina biashara mkononi. Nimepokea oda ya foronya kumi na mbili za harusi, na tangu hapo sijisikii kushona. – Binti, Iringa

Binti yangu, siku hizi mtu akifanya jambo vizuri huambiwa papo hapo auze. Kuuza si vibaya, nimewafundisha wengi waliojisomesha kwa cherehani. Nilichokuja kukichukia ni kuona msichana ananyang'anywa starehe yake ya jioni na watu wanaomsifu.

Fanya hesabu kwa uaminifu. Andika bei ya kitambaa, bei ya nyuzi, na saa ulizotumia kwa foronya moja, kisha zizidishe saa kwa kiasi ambacho fundi wa mtaani kwenu angelipwa. Bei utakayoipata itakushtua, na wanunuzi itawashtua zaidi. Wanaobaki baada ya kuisikia ndio wateja. Wengine walikuwa wanataka zawadi.

Kisha tenganisha. Ya kuuza iwe michoro michache unayoijua kwa moyo, rangi mbili au tatu, nyuzi ulizozijaribu. Kata kipande cha uzi, kiloweshe, kikandamize kwenye kitambaa cheupe. Ukiacha doa, usiutumie, hasa mwekundu. Wapo watakaokuambia ukiloweka kwa chumvi rangi itashika. Chumvi husaidia pamba kupokea rangi wakati wa kuchovya. Uzi ulioshatoka kiwandani unachuja rangi hauponi kwa chumvi. Ile ya kwako iwe na kapu lake, michoro unayoibuni, makosa unayoyafumua mara tatu, bila tarehe na bila bei. Mtu akiiona na kuiulizia, mwambie hiyo haiuzwi. Huna haja ya kueleza zaidi.

Na hiyo oda ya harusi: kama hujapokea malipo ya mwanzo, mpigie leo mwenye harusi, mwambie utamshonea mbili, za bwana na bibi harusi. Zile kumi atapata kwa fundi mwenye mashine ya kudarizi, na wageni watazilalia vizuri tu.