Kabla hujashangilia au kulaani kesi ya mwanasiasa, uliza kifungu

Nimekalia mabenchi ya Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, miaka mingi nikiandika habari za kesi. Swali ninaloulizwa kila mahali, kijiweni Kariakoo hadi msibani, ni moja: "Kaka, hii kesi si ya kisiasa hii?" Jibu langu huwaudhi wa kijani (CCM) na wa magwanda (CHADEMA) sawia: nipe kwanza kifungu cha sheria anachoshitakiwa nacho.

Kifungu ndicho kinachoamua dhamana. Uhaini, ugaidi na utakatishaji fedha havina dhamana, kwa mujibu wa kifungu tulichokizoea kama 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kinakiuka Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirejesha. Kwa hiyo shitaka moja la utakatishaji likipachikwa juu ya kosa la kawaida, mtu analala mahabusu, Segerea au Keko, huku wakili wa Serikali akisimama kila shauri linapotajwa na kusema upelelezi haujakamilika. Adhabu hapo imeshaanza, hukumu bado. Ndiyo maana nakushauri usome maelezo ya kosa, yale yaliyo chini ya jina la kosa kwenye hati ya mashtaka. Jina linaweza kutisha mji mzima, halafu maelezo yakawa mistari minne isiyobeba uzito huo. Yakipwaya, una hoja. Yakishiba, kubali hata kama mshitakiwa ni kipenzi chako.

Wengi huishia kwenye hoja kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, anateuliwa na Rais. Ni kweli, lakini majaji nao wanateuliwa na Rais, na wapo waliotoa hukumu zilizoiumiza Serikali. Ibara ya 59B ya Katiba inasema DPP awe huru, asiingiliwe na mtu wala mamlaka yoyote, na azingatie mambo matatu: kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Tangu 2018 ofisi yake ina mlango wake, mbali na wa Mwanasheria Mkuu. Mimi kinachonisumbua zaidi ni ukimya wake.

Chukua kesi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA. Alikamatwa Mwanza Julai 2021, akashitakiwa kwa ugaidi. Februari 2022 Mahakama Kuu hapa Dar ikaona ana kesi ya kujibu. Machi 4, DPP akasema hana nia ya kuendelea, na siku hiyohiyo Mbowe akaonekana Ikulu na Rais Samia. Sheria haimlazimishi DPP kueleza sababu anapofuta kesi, na hakueleza. Basi kila mtu akajaza pengo hilo kwa rangi ya kadi yake: huyu akasema ushahidi ulikuwa hewa tangu mwanzo, yule akasema ni huruma ya Rais. Ofisi ya mashtaka, kama kweli iliamua peke yake, ndiyo iliyopoteza zaidi hapo. (Na kumbuka, kuondoa shitaka kwa njia hiyo hakuzuii lisirudishwe.)

Upande wa pili nao tusijifanye. Lengai ole Sabaya, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Hai, alipohukumiwa miaka 30 Oktoba 2021 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, watu waliokuwa wakilia kwamba mashtaka yanatumika kisiasa walishangilia bila kuuliza chochote. Mei 2022 Mahakama Kuu ilipomwachia, ndipo wakakumbuka kwamba mahakama zinaingiliwa.

Jingine linalochanganya watu: Tundu Lissu wa CHADEMA aliposomewa shitaka la uhaini Kisutu, Aprili 2025, hakutakiwa kujibu. Mitandaoni ikawa zogo. Mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza uhaini, ni kazi ya Mahakama Kuu, hivyo mshitakiwa yeyote wa kosa hilo hajibu pale. Muuza duka wa Tandika angefanyiwa vivyo hivyo.

Nikikushauri kitu kimoja cha kufanya, nenda Kisutu siku ambayo hakuna mwanasiasa kwenye orodha. Mahakama iko wazi, vaa heshima, zima simu. Sikiliza vijana usiowajua wakiahirishiwa chini ya kifungu kilekile, bila bendera wala kamera nje. Kisha linganisha: DPP huwa anafuta kesi za nani, na baada ya muda gani?