Mleta uzi, usiipeleke hiyo ripoti Jumatatu

Salamu baadaye. Nimesoma amri ya SQL (lugha ya kuiuliza hifadhidata) uliyobandika hapo juu, nikamsoma na mdau aliyekujibu "weka DISTINCT tu, namba zitakaa sawa", yaani neno la kuondoa vinavyojirudia. Mkuu, usiweke. Umesema unajifunza SQL mwenyewe hapo Nkuhungu, Dodoma, umepata kazi kwa mnunuzi wa alizeti, na Jumatatu anataka ripoti ya kiasi ambacho kila mkulima bado anamdai. Umeunganisha wakulima, mizigo na malipo kwa mkupuo mmoja, jumla zimevimba, sasa unatafuta dawa. Dawa hiyo hiyo niliinywa mimi mwaka 2021, na aliyeumia zaidi alikuwa mtu mwingine kabisa.

Nilikuwa na mkataba kwenye ghala moja la mazao upande wa Kibaigwa. Mkulima analeta mzigo, analipwa kidogo kidogo, na ofisi inataka kujua kila mmoja anadai kiasi gani. Majedwali yalikuwa matatu kama yako. Nikaandika amri kama yako, karibu neno kwa neno.

Sasa chukua mzee mmoja wa Pandambili. Alileta mizigo mitatu: ya shilingi 800,000, ya 600,000, na mwingine wa 800,000. Jumla 2,200,000. Alikuwa amelipwa mara mbili, 700,000 na tena 700,000. Anadai 800,000, hata mtoto wa shule anaipata. Ripoti yangu ilisema anadai 200,000.

Kwa nini? JOIN, neno linalounganisha majedwali, haijui kwamba mzigo na malipo ni mambo mawili yasiyohusiana. Inachokijua ni namba ya mkulima. Kwa hiyo kila mzigo inaukutanisha na kila malipo: mizigo 3 mara malipo 2, unapata mistari 6. Kila mzigo umehesabiwa mara mbili, kila malipo mara tatu. Mizigo ikawa 4,400,000, malipo 4,200,000. Na mkulima aliyeleta mzigo mmoja akalipwa mara moja anatoka sawasawa, ndiyo maana nilipojaribu majina matatu ya kwanza niliona kila kitu kiko safi.

Laki mbili zile niliziona haziingii akilini, nikauliza kwenye kundi letu la kujifunzia mtandaoni. Kuna mjuzi mmoja pale, hakuna swali linalompita, akanijibu hata dakika haijaisha: weka DISTINCT ndani ya SUM, ile ya kujumlisha. Hakuuliza majedwali yakoje. Hakuuliza mistari mingapi. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, kwa sababu watu kama yule wanapewa vidole gumba na wanafunzi wasiojua, halafu jibu lake linabaki pale linamsubiri mwingine. Ndilo hili ulilopewa wewe jana.

DISTINCT ikiwa ndani ya SUM haiondoi mistari iliyojirudia. Inaondoa namba zinazofanana. Ile mizigo miwili ya 800,000, iliyoletwa siku tofauti kwa magari tofauti, ikahesabiwa mmoja. Malipo mawili ya 700,000 yakawa moja. Mizigo 1,400,000, malipo 700,000, deni 700,000. Umeona hatari yake? Pengo la laki sita lilinishtua. Pengo la laki moja lilipita kwangu, likapita kwa mhasibu, likapita kwa bosi, na wakulima wakalipwa kwa karatasi ile.

Mzee alikuja baada ya siku nne. Stakabadhi zake alizifunga kwenye mfuko wa nailoni wa sukari, akafungua fundo taratibu, akazipanga mezani moja moja, za mizigo upande huu, za malipo upande ule. Hakupaza sauti. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikusoma, lakini gunia zangu nazijua." Nikapiga hesabu kwa kalamu mbele yake. Alikuwa sahihi mpaka shilingi ya mwisho. Tulipopitia orodha nzima tukakuta wengine wamepunjwa, na wengine wamelipwa zaidi ya haki yao, na hao kuwarudia kijijini kuomba pesa irudi ni kazi nisiyomtakia mtu. Mkataba wangu haukuongezwa. Sikulalamika.

Aliyenitoa gizani ni dada mmoja wa kundi lile lile, mtu mkimya, aliyeniuliza swali moja tu: "Kaka, kabla ya kuunganisha ulikuwa na mistari mingapi, na baada ya kuunganisha mingapi?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo siandiki JOIN bila COUNT(*), ile ya kuhesabu mistari, kabla na COUNT(*) baada. Kila JOIN, hata kama majedwali nayajua. Mistari ikiongezeka na huna maelezo ya kwa nini imeongezeka, usiguse SUM.

Na namna ya kuandika ni hii: jumlisha kila jedwali peke yake kwanza, libaki na mstari mmoja kwa kila mkulima, ndipo uunganishe.

WITH m AS (SELECT mkulima_id, SUM(thamani) AS mzigo FROM mizigo GROUP BY mkulima_id),
p AS (SELECT mkulima_id, SUM(kiasi) AS lipwa FROM malipo GROUP BY mkulima_id)
SELECT w.jina, m.mzigo, COALESCE(p.lipwa, 0) AS lipwa, m.mzigo - COALESCE(p.lipwa, 0) AS deni
FROM wakulima w
JOIN m ON m.mkulima_id = w.id
LEFT JOIN p ON p.mkulima_id = w.id;

LEFT JOIN pale mwisho usiibadilishe, inabakiza hata mkulima asiye na malipo. Kuna mkulima ambaye hajalipwa hata senti. Ukiweka JOIN ya kawaida anafutika kwenye ripoti, na huenda yeye ndiye anayedai kuliko wote. COALESCE, inayoweka 0 pasipo na namba, ni kwa ajili yake pia: asiye na malipo anarudi NULL, yaani tupu, na ukitoa NULL kwenye namba yoyote unapata NULL, deni lake linakuwa tupu.

Halafu piga SUM ya jedwali la malipo peke yake, bila kuunganisha na chochote, ulinganishe na jumla ya safu ya lipwa kwenye ripoti. Zisipolingana, kuna malipo ya mkulima asiye na mzigo au namba iliyoandikwa vibaya. Itafute. Usiizungushe zungushe mpaka ikae.

Uliuliza uanze na MySQL au PostgreSQL, zote ni programu za hifadhidata. Yoyote, kosa hili liko kwenye zote.

Sasa fanya hivi leo leo: chagua wakulima watano wenye mizigo mingi na malipo mengi, siyo watano wa juu kwenye orodha. Omba stakabadhi zao, piga hesabu kwa mkono, ulinganishe. Na ubandike hapa COUNT(*) ya kila jedwali na COUNT(*) ya baada ya kuunganisha. Niko macho mpaka saa sita usiku, na kesho Jumapili nikitoka kanisani nitafungua uzi huu kwanza.