Unataka kutengeneza API ya mauzo? Kaa dukani kwanza

Kijana mmoja wa Lamu ameniandikia akiuliza ajifunze lugha gani ya programu, Python au PHP, ili atengeneze API ya mauzo, yaani mlango ambao programu nyingine, kama ya simu, hupitia kuomba hesabu za mauzo. Mdogo wangu, mimi nilitumia Python. Ningetumia PHP, duka lingebaki lile lile.

Kazi yenyewe niliipata hapa Malindi, kwa mzee wa duka la jumla mwenye matawi Watamu na Gongoni. Kabla yangu alishailipa kampuni moja kubwa, ile ile iliyowahi kuninyima kazi ikisema sisi vijana wa pwani tunajua kupokea watalii tu. Sijasahau, na sioni haya kulisema.

Walimwachia mfumo wa kupendeza macho. Ramadhani ikauumbua. Mzee hufungua hadi wakati wa daku, na kila asubuhi hesabu ya kwenye simu ilipishana na daftari. "Mwanangu, daftari hili naliandika mwenyewe," akaniambia. Tukakaa nyuma ya kaunta, risiti moja moja. Sukari iliyouzwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne ilisomeka Jumatatu, saa tano usiku. Seva iliweka saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3, na wakati wa kujumlisha mauzo ya siku hakuna aliyezigeuza. Kuweka UTC si kosa, ndivyo inavyofaa. Ila hakuna aliyemuuliza mzee siku yake inaanza saa ngapi!

Nikaandika upya. Maswali yake ndiyo yakawa vigezo vya API: tawi gani, bidhaa gani, tangu lini hadi lini. Ombi ni GET, la kusoma tu; jibu ni JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Tarehe ikikosewa, rudisha 400, namba ya kusema ombi lina kosa, na maelezo; ukirudisha sufuri, mtu atadhani hakuuza kitu. Hela ziweke kwa senti, namba nzima, maana kompyuta ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida haipati 0.3 kamili. Alichoandika mtumiaji usikibandike ndani ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata; kipitishe kando kama kigezo, kisije kikasomwa kama amri. Tokeni, yaani funguo za kumtambua anayeomba, na mengineyo utayapata popote.

Vijana wenzangu, acheni kubishania lugha za programu. Kaeni dukani, muulize, msikilize. Na atakayekwambia kazi hizi si za watu wa pwani, usimjibu, mpelekee kazi.

Mzee sasa anataka na ripoti ya madeni, kila mkopaji na tarehe yake. Naianza Jumamosi, na bei nimepandisha.