Hannibal: jenerali au jemadari?

Swali: Katika insha ya historia niliandika, "Jenerali Hannibal alitumia mikakati mingi kuwashinda Warumi." Mwalimu amelikata neno "jenerali" akaweka "jemadari". Je, yuko sahihi? – Mwanafunzi, Morogoro

Jibu: Yuko sahihi. Hannibal aliongoza jeshi la Carthage, dola ya Afrika Kaskazini, dhidi ya Roma. Jenerali ni cheo katika majeshi ya kisasa, ilhali jemadari ni kiongozi wa vita, awe na cheo au asiwe nacho. Neno lenyewe ni la Kiajemi, nasi tulilipata kwa njia ya India.

Kinachonisikitisha ni kwamba kalamu yake nyekundu iliiruka "mikakati". Neno hili sasa linachosha masikio: kila kikao "kinaweka mikakati kabambe", na hata kocha anayepanga kumkaba mshambuliaji mmoja huambiwa ana mkakati. Mkakati ni mpango mpana unaoelekeza juhudi zote kwenye lengo moja la mbali. Mbinu ni namna ya kulikabili jambo mahususi linapokuwa mbele yako. Anayeyachanganya maneno haya hawezi kumwelewa Hannibal hata kidogo.

Tazama vita vya Trebia, kaskazini mwa Italia, mwishoni mwa mwaka 218 KK. Hannibal, ambaye alikuwa hodari wa kusoma tabia ya adui, alitambua kwamba Sempronius, kamanda wa Warumi, alikuwa mtu wa papara. Alfajiri akatuma wapanda farasi wa Numidia, nchi jirani na Carthage, wakaichokoze kambi ya Warumi, huku askari wake mwenyewe wakila na kujipaka mafuta kando ya moto. Warumi wakatoka mbio kabla ya kula, wakavuka mto wenye maji ya baridi kali, wakafika vitani wakitetemeka. Na wakati wote huo Mago, mdogo wake Hannibal, alikuwa amejificha na kikosi chake akingoja kuwashambulia kwa nyuma. Hiyo ni mbinu. Kule Cannae, kusini mwa Italia, mwaka 216 KK, aliiacha safu yake ya kati irudi nyuma taratibu mpaka Warumi, ambao walimzidi kwa wingi, wakajikuta wamezingirwa. Hiyo nayo ni mbinu, tena ya kutisha kwa ukamilifu wake.

Mkakati wake ulikuwa kuitenga Roma na miji ya Italia iliyokuwa washirika wake, na ndiyo maana aliwaachilia huru mateka wa miji hiyo bila kudai fidia. Capua ilimfuata, lakini miji ya Kilatini kwa jumla ilibaki na Roma, na baada ya miaka 15 nchini Italia aliitwa nyumbani Carthage, akashindwa na Scipio, jemadari wa Warumi, huko Zama, Afrika Kaskazini, mwaka 202 KK. Alishinda kwa mbinu akashindwa kwa mkakati. Nani ataieleza habari hiyo ikiwa maneno yote mawili yana maana moja?

Andika hivi: "Jemadari Hannibal alitumia mbinu nyingi kuwashinda Warumi." Mkakati alikuwa nao mmoja tu, na hakuuacha mpaka alipoondoka Italia.